Uliza Mafundi wa Redio: Skana ya Mkononi Isiyosema

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu skana ya redio ya mkononi, kile kifaa kinachopita kwenye masafa haya na yale na kusimama panaposikika sauti. Barua ndefu tumezifupisha. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye vifaa vingi. Kikiwa tofauti kwenye chako, kitabu cha maelekezo ndicho chenye neno la mwisho.

Nimenunua skana, nimeweka betri, nimeiwasha. Ama inatoa "shhhh" bila kukoma, ama inanyamaza kabisa. Nimeshabonyeza vitufe vyote. Je, nimeuziwa mbovu?
*Mgeni wa skana*

Karibu hakika si mbovu. Kinachoinyamazisha skana mpya huwa ni moja kati ya mambo manne: skwelchi, masafa, modi au hatua. Yakague kwa mpangilio huo kabla hujairudisha dukani.

Skwelchi ni kidhibiti kinachoziba spika mpaka mawimbi yanayoingia yafikie nguvu fulani. Nenda kwenye chaneli isiyo na mazungumzo, ifungue skwelchi yote (zungusha kinyume cha saa, au shuka hadi 0 kama ni ya namba) usikie ile "shhhh". Ipandishe polepole hadi kelele ikatike, ongeza kidogo tu, basi iache hapo. Wengi huipandisha hadi juu kabisa kwa kupenda ukimya, halafu wanalalamika kwamba hakuna kinachosikika: mawimbi dhaifu yote yamebaki nje. Zoezi hili lirudie kila unapobadilisha antena au mahali, maana kelele ya chini nayo hubadilika.

Pili, masafa. Skana haijui uko wapi wala unataka kusikia nini. Ukiiachia ipite kwenye chaneli tupu itapita kutwa nzima. Kwa jaribio la kwanza chagua kitu kisichokatika. Kama skana yako inafika kwenye redio za kawaida za FM (87.5 hadi 108 MHz), anza huko. Kama haifiki, tafuta ATIS ya uwanja mkubwa wa ndege ulio jirani: ni taarifa iliyorekodiwa ya hali ya hewa na njia ya kurukia inayotumika, na hurudiwa mfululizo. Masafa yake yamo katika AIP, kitabu cha taarifa za anga kinachotolewa na kila nchi, ambacho mara nyingi huwekwa wazi kwenye intaneti. Hakuna ATIS? Vituo vya VOR vya kuongozea ndege, kati ya 108 na 117.95 MHz, hujitambulisha kwa herufi za Morse mchana na usiku. Ukisikia vile vidoti na vistari, ujue skana, antena na modi vyote viko sawa.

Tatu, modi, yaani namna sauti inavyobebwa na mawimbi. Ndege hutumia AM kuanzia 108 hadi 137 MHz, na mazungumzo yenyewe huanzia 118. Meli (156 hadi 162 MHz), redio za upepo za makampuni na walinzi, na sehemu kubwa ya wanaredio wa ridhaa (wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara) hutumia FM nyembamba, NFM. Redio za muziki hutumia FM pana, WFM. Ukisikiliza ndege kwa NFM utaona alama ya mawimbi ikipanda na kelele ikipungua, lakini maneno hayatoki, au yanatoka yamepondeka. Ukisikiliza redio ya upepo kwa WFM, sauti itakuwa ndogo kana kwamba msemaji yuko chumba cha pili. Skana nyingi zina mpangilio wa "AUTO" unaofuata mgawanyo wa masafa wa eneo ambalo kifaa kilitengenezewa. Ukiweza kuchagua eneo kwenye menyu, chagua lililo karibu zaidi na mgawanyo wa nchi yako. Usipoweza, weka modi mwenyewe kwa kila chaneli.

Nne, hatua, yaani skana inaruka kiasi gani kutoka masafa moja hadi mengine. Meli hupangwa kwa 25 kHz. Redio nyingi za upepo ni 12.5. Redio ndogo za PMR446 zinazotumika Ulaya huanzia 446.00625 MHz na kupanda kwa 12.5, hatua ya 25 iliyoanzia 446.000 haitagonga hata chaneli moja sawasawa. Kwa ndege kuna mtego mwingine. Kwenye anga la Ulaya hatua ni 8.33 kHz, na namba unayoiona kwenye orodha ni jina la chaneli tu: 118.010 kwa hakika inarusha kwenye 118.0083 MHz, na 118.005 iko palepale 118.000. Skana yenye mpangilio wa 8.33 hufanya hesabu hiyo yenyewe.

Ukishapata chaneli inayosikika, ihifadhi: bonyeza HOLD, chagua namba ya kumbukumbu, andika masafa pamoja na nukta yake, bonyeza E au ENTER, weka modi, kisha weka kusubiri (DELAY) kwa sekunde 2. Bila kusubiri huko, skana itaondoka mara tu rubani anapoachia kitufe na jibu la mnarani litakupita. Ukitaka kuingiza chaneli nyingi, tumia waya wa USB na programu ya kompyuta. Kuziandika mia mbili kwa kidole ni adhabu.

Skana yangu hutumia betri za AA. Nikiweka za kuchaji, alama ya betri inaonyesha zinakaribia kuisha ilhali nimetoka kuzichaji. Nifanyeje?
*Msomaji*

Betri za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 kila moja, za alkali zina 1.5. Kipimo cha skana kimepangwa kwa 1.5, kwa hiyo kinaziona za kuchaji kama zilizochoka. Angalia ndani ya kasha la betri au kwenye menyu: skana nyingi zina swichi au mpangilio wa aina ya betri.

Swichi hiyohiyo, kwenye vifaa vingi, ndiyo pia inayoruhusu chaji kupita. Ukiiacha upande wa betri za kuchaji, ukaweka za alkali na kuchomeka USB, betri zitapata moto, zitavuja, pengine zitapasuka. Majimaji yake yanakula springi za betri na njia za umeme kwenye bodi, na huo ndio ubovu wa kweli tunaouona zaidi kuliko mwingine wowote. Kila ubadilishapo betri, tazama swichi kwanza.

Kuhusu muda, gawanya uwezo wa betri kwa umeme unaotumika. Betri za 2000 mAh kwenye skana inayovuta 150 mA zinakupa kama saa 13, zikipungua ukiwa na sauti kubwa na taa ya kioo inayowaka muda wote. Usichanganye za zamani na mpya, na ukiiweka kabatini kwa miezi, zitoe.

Wakubwa zangu, shikamooni. Naishi kilomita 60 kutoka uwanja wa ndege. Marubani nawasikia vizuri, lakini mnara wa kuongozea ndege siusikii hata neno. Kwa nini wasikike wa upande mmoja tu?
*Mwanafunzi wa sekondari*

Marahaba. Swali zuri, na jibu lake unaweza kulikokotoa mwenyewe. Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu moja kwa moja, yakipinda kidogo tu kufuata uso wa dunia. Umbali wa juu kwa kilomita ni takriban 4.12 mara jumla ya vipeuo viwili vya pili: cha kimo cha antena yako na cha kimo cha antena ya mrushaji, vyote kwa mita.

Umeshika skana kwenye kimo cha mita 1.5, kwa hiyo upande wako unachangia kilomita 5. Ndege iliyo kwenye mita 10,000 inachangia 412. Ndiyo maana unamsikia rubani aliye mamia ya kilomita, ikiwa hakuna mlima katikati. Tuseme antena ya mnara iko mita 25 juu: inachangia kilomita 20.6, jumla yenu haifiki 26. Wewe uko 60. Ili umsikie mwongoza ndege, antena yako ingehitaji kuwa mita 91 juu ya ardhi iliyo kati yenu, yaani kilimani au kwenye jengo refu sana.

Kwa hiyo usiibadilishe skana, na wala kipaza mawimbi hakitasaidia. Mawimbi yasiyofika hayapazwi. Utakachoweza kupata ni waongozaji wa safari za juu, kwa sababu wao hurushiwa sauti kupitia vituo vilivyowekwa vilimani ili kufunika eneo kubwa. Jaribu masafa ya kituo cha eneo badala ya yale ya mnara.

Kwa meli hadithi ni tofauti kidogo. Ukisikia meli pekee bila jibu la pwani, huenda uko kwenye chaneli ya masafa mawili, ambapo kituo cha pwani hurusha kwenye masafa yaliyo 4.6 MHz juu ya yale ya meli. Weka masafa yote mawili kwenye kumbukumbu. Chaneli 16, 156.800 MHz, ya wito na dharura, ni ya masafa mamoja. Hapo utasikia pande zote ukiwa umbali unaofaa.

Antena ya mpira iliyokuja na skana inanipa kilomita chache tu. Naweza kutengeneza ya kwangu bila vifaa vya maabara?
*Fundi wa mtaani*

Unaweza, na hakuna fedha utakayotumia kwenye skana itakayokuletea tofauti kubwa kuliko antena iliyo nje na juu. Ile ya mpira ni maafikiano: ni fupi mno kwa masafa ya chini na haina ardhi yake, hivyo mwili wako ndio unaotumika badala yake.

Tengeneza ya robo wimbi yenye miguu minne. Urefu wa fimbo ya katikati kwa sentimita ni 7125 ukigawanya kwa masafa ya MHz. Kwa ndege, katikati ya bendi ni 127 MHz: sentimita 56. Kwa meli, 157 MHz: 45. Kwa wanaredio wa ridhaa kwenye 145 MHz: 49. Miguu iwe mirefu kwa asilimia 5 hivi kuliko fimbo. Kwa ile ya ndege ni sentimita 59.

Unahitaji soketi moja ya SO-239 ya aina ya bamba la pembe nne lenye matundu manne, mita 3 za waya mgumu wa shaba wa nyaya za umeme (wa milimita za mraba 2.5), na skrubu nne za mm 3 zenye nati na washa. Vua ganda la waya. Kata fimbo moja ya 56, acha sentimita moja ya ziada, ichomeke kwenye kikombe cha nyuma ya soketi na uilehemu. Kikombe hicho hunywa joto jingi: pasi ya kulehemu ya wati 25 itahangaika, tumia ya wati 60 au zaidi na upashe moto soketi kwanza, vinginevyo lehemu itakaa juu kama shanga bila kushika. Pima 56 kuanzia uso wa bamba hadi ncha, kisha kata ziada. Kata miguu minne, kila mmoja ukiuongezea sentimita moja ya kukunja kitanzi, ifunge kwa skrubu kwenye matundu manne, halafu ikunje ishuke nyuzi 45. Usiache imelala tambarare: ikilala, ukinzani wa antena ni kama omu 36, ikishuka nyuzi 45 unakaribia omu 50 ambazo skana inazitaka.

Fimbo isimame wima, kwa kuwa ndege, meli na redio za upepo zote hurusha wima. Ukiilaza unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi bure.

Sasa waya. RG-58 ya mita 10 inapoteza kama desibeli 2 kwenye 150 MHz, inavumilika. Kwenye 450 MHz hasara inakaribia mara mbili. RG-6 ya televisheni ina omu 75 badala ya 50, na watu huikwepa kwa sababu hiyo. Bila sababu. Kwa kusikiliza tu, tofauti hiyo haisikiki, na RG-6 inapoteza kidogo kuliko RG-58. Shida yake ni moja: suka lake, yaani nyuzi za nje zinazozunguka kiini, mara nyingi ni la alumini na halishiki lehemu. Tumia plagi za F za kubana na adapta ya kwenda BNC (plagi ya skana nyingi) au PL-259 (plagi inayoingia kwenye SO-239).

Ukimaliza kufunga plagi, pima kwa multimita kati ya kiini na ganda kabla ya kuunganisha antena wala skana. Isome wazi kabisa, yaani umeme usipite. Ikisoma sifuri, kuna uzi wa suka umegusa kiini ndani ya plagi, kosa la kawaida kuliko yote. Kisha pima kiini hadi kiini, ncha moja hadi nyingine. Hapo sasa lazima isome karibu sifuri.

Ziba maungio kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Waya ukiingia ndani, uache uning'inie kitanzi kidogo nje ya dirisha ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi kwenye skana. Kama skana yako ina tundu dogo la SMA, usilitundike waya mnene: pindo moja baya na tundu linang'oka kwenye bodi. Weka kipande kifupi cha waya laini katikati. Antena ikae mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ikianguka haizigusi, na radi ikianza kunguruma, chomoa waya uutoe nje.

Ya sentimita 49 ina faida ya ziada: kwenye masafa mara tatu, yaani karibu 435 MHz, inafanya kazi kama robo tatu ya wimbi, na huko nako inasikia vizuri.

Nina chaneli 300 kwenye kumbukumbu na bado napitwa na mazungumzo. Rafiki yangu ana 30 na anasikia kila kitu.
*Mpenzi wa skana*

Rafiki yako amepatia. Skana inayopita chaneli 50 kwa sekunde inahitaji sekunde 6 kuzimaliza 300, na hiyo ni kama haikusimama popote. Mazungumzo ya ndege huchukua sekunde tatu au nne. Wakati skana imesimama kumsikiliza mlinzi akiomba chai, marubani watatu wameshapita.

Zigawe chaneli zako kwenye benki: ndege benki moja, meli nyingine, redio za ridhaa nyingine, na uwashe ile unayoitaka tu kwa wakati huo. Chaneli zinazosema muda wote, kama ATIS, zifungie kwa kitufe cha L/O. Zimetufaa kwa majaribio lakini kwenye skani zinaikwamisha skana mahali pamoja. Chaneli moja muhimu ipe kipaumbele (PRI): skana itaichungulia kila baada ya sekunde mbili hivi, hata ikiwa inasikiliza nyingine. Ukisikia sauti inakatika kidogo kwa mpigo huohuo, si ubovu, ndicho kipaumbele kikifanya kazi.

Na utofautishe SCAN na SEARCH. Ya kwanza inapita kwenye chaneli ulizohifadhi. Ya pili inafagia masafa yote kati ya mpaka mmoja na mwingine kutafuta usichokijua. Search ndiyo inayokujulisha nani yupo karibu nawe, lakini ifanye kwa kipande kidogo. Kufagia 118 hadi 137 MHz kwa 25 kHz ni hatua 760. Kata vipande vya MHz 4 au 5, kaa kwenye kimoja kwa saa nzima siku ya kazi, hifadhi unachokipata, nenda kinachofuata.

Nikiwa kwenye bendi ya ndege, karibu na 120 MHz, nasikia muziki wa redio ya FM umekwaruzika. Kituo kimehamia huko?
*Msomaji wa siku nyingi*

Hakijahama. Skana huchanganya mawimbi yanayoingia na mawimbi yake ya ndani ili kupata masafa ya kati, ambayo kwenye vifaa vingi ni 10.7 MHz. Bahati mbaya, masafa mawili tofauti hutoa jibu hilohilo: yale unayoyataka, na mengine yaliyo mbali nayo kwa mara mbili ya 10.7, yaani 21.4 MHz, ambayo tunayaita kivuli. Toa 21.4 kwenye 120 unapata 98.6, katikati kabisa ya redio za FM. Skana nzuri huchuja kivuli hicho kabla hakijafika kwenye kichanganyio. Ya bei ndogo, ikiwa karibu na mnara wa kilowati kadhaa, haiwezi.

Chukua masafa unayosikia muziki, toa 21.4, kisha sikiliza hapo kwa redio ya kawaida. Ikiwa ni kituo kilekile, umekipata kivuli. Ikiwa muziki unatokea sehemu nyingi zisizo na mpangilio, tatizo ni skana kuzidiwa nguvu, na hapo washa ATT, kitufe cha kupunguza mawimbi. Ajabu yake ni kwamba ukipunguza mawimbi, uchafu hupotea haraka kuliko sauti unayoitaka. Mara nyingi hali hii huanza siku watu wanapounganisha antena kubwa ya nje kwenye skana ndogo. Dawa ya kudumu ni kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz, kinachofungwa kati ya antena na skana.

Kuna uchafu wa aina nyingine: skana inasimama kwenye masafa fulani, kimya, bila sauti ya mtu. Chomoa antena. Ikiendelea kusimama, ni mlio wa saketi zake za ndani. Fungia masafa hayo usahau. Ikiacha, kuna kitu nyumbani kinachorusha: zima moja moja chaja za simu, taa za LED, vibadilishi vya umeme wa jua, hadi umjue mkosaji.

Masafa ya polisi na zimamoto niliyoandikiwa yanatoa mngurumo tu, kama mashine ya kusaga. Nikaze skwelchi?
*Msomaji*

Hapana, hiyo ni sauti ya mawasiliano ya dijitali yakipita kwenye skana ya analogi. DMR, mfumo mmoja wa redio za dijitali, inanguruma kwa mpigo wa haraka kwa sababu inagawa muda wa chaneli moja kati ya mazungumzo mawili. TETRA, mfumo mwingine, inagawa kati ya manne na inasikika kama kelele nzito isiyokoma. Chaneli inayonguruma saa zote bila kupumzika mara nyingi ni ya udhibiti: inaziambia redio za mtandao huo zihamie masafa gani kila mtu anapotaka kusema.

Skana za dijitali zipo, lakini soma kwa makini kabla ya kulipa. Inayofungua P25, mfumo mwingine tena wa dijitali, si lazima ifungue DMR, na nyingi hazigusi TETRA kabisa. Muhimu zaidi: yaliyosimbwa kwa ufunguo hayafunguki na skana yoyote unayoweza kununua, na vyombo vingi vya usalama sasa husimba. Muuzaji anayekuahidi kinyume, muache na skana yake. Ndege na meli bado wanazungumza kwa analogi, wazi, na hapo skana ya kawaida ina kazi ya kutosha.

Redio za upepo za bei ndogo nazo zina kitufe cha skani. Si bora ninunue hiyo?
*Mwenye mfuko mdogo*

Kwa kusikiliza ndege nyingi hazifai, hazina AM. Skani yake ni chaneli chache kwa sekunde. Na ina kitufe cha kurusha: ukikikalia kwa bahati mbaya ukiwa kwenye masafa ya watu, umewaingilia, na kisheria hilo ni kosa kubwa kuliko kusikiliza. Ukinunua, zima urushaji kwenye kila chaneli kupitia programu ya kompyuta.

Je, kusikiliza ni halali?
*Msomaji mwenye hofu*

Inategemea umesimama nchi gani, na tofauti ni kubwa. Uingereza, kumiliki skana si kosa, lakini kisheria unaruhusiwa kusikiliza yale tu yaliyokusudiwa umma, kama redio za utangazaji na wanaredio wa ridhaa. Marekani ni huru zaidi, ingawa skana zinazouzwa huko tangu 1994 zimezibwa zisifike kwenye masafa ya simu za mkononi za analogi, na baadhi ya majimbo yana masharti kuhusu skana ndani ya gari. Kuna nchi zinazodai leseni hata ya kumiliki. Uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kabla ya kununua, na kabla ya kusafiri nayo.

Hata pale panaporuhusiwa, kuyasambaza uliyoyasikia au kuyatumia kwa faida mara nyingi ni kosa lake lenyewe. Kurekodi na kuweka mtandaoni ni kusambaza.

Nimesikia kwamba wanaanga wanasikika kwa skana. Ni kweli au ni stori?
*Mpenzi wa anga*

Ni kweli. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina redio ya ridhaa inayorusha sauti kwa FM kwenye 145.800 MHz. Kiko juu kwa takriban kilomita 400, na kwa kuwa hakuna mlima kati yako na anga, skana ya mkononi ukiwa nje inatosha, bora ukiwa na ile antena ya sentimita 49.

Wanaanga hawasemi muda wote. Nafasi nzuri ni wanapopanga mazungumzo na shule, na ratiba hutangazwa mapema na mradi wa ARISS. Tafuta pia saa za kituo kupita juu yako. Kinazunguka dunia kwa dakika kama 92, na mpito mmoja mzuri haudumu zaidi ya dakika 10 hivi. Mipito ya chini, inayogusa upeo wa macho tu, iache. Chagua inayopanda nyuzi 30 na kuendelea.

Acha SCAN, kaa kwenye 145.800 tu, skwelchi iwe wazi kabisa. Kwa sababu ya kasi yake masafa huonekana kupanda kama 3.5 kHz kinapokuja na kushuka kiasi hichohicho kinapoondoka. Ukiwa na hatua ya 5 kHz, sauti ikikwaruza mwanzoni jaribu 145.805, rudi 145.800 kikiwa juu, malizia na 145.795. Inamisha skana huku na huku wakati inasema: kituo kinajizungusha nacho, na pembe iliyokuwa nzuri dakika moja iliyopita inaweza kuwa mbaya sasa. Utasikia upande wa mwanaanga pekee. Maswali ya wanafunzi hurushwa kwenda juu kwa masafa mengine, kutoka shuleni kwao, na kama shule hiyo haiko karibu nawe hayatakufikia.